Binti Yangu Alitoa Siri ya Kaka Yake Ili Apokelewe Katika Kikosi cha Bendera

BARUA

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Fizi, Kivu ya Kusini, na niliishi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kwa miaka mingi kabla familia yetu haijaletwa hapa Ohio, Marekani. Nina watoto wanne walio hai. Nakuandikia kuhusu binti yangu mwenye umri wa miaka 15, aliyezaliwa kambini, na kuhusu kikosi cha bendera cha shule yake ambacho amejiunga nacho tangu mwezi wa Novemba.

Mwanzoni nilidhani ni gwaride la sikukuu. Baadaye nikaelewa kwamba ni mashindano makubwa, yanayofanyika ndani ya kumbi za michezo majira ya baridi, ambapo vijana huzungusha na kurusha bendera, panga butu na bunduki za mbao huku wakicheza kwa kufuata muziki. Sitakuficha, Shangazi: bunduki ile ya mbao ilinitia baridi mwilini siku ya kwanza alipoingia nayo sebuleni, kwa sababu mimi bunduki nazijua kwa njia nyingine. Lakini nilimwona mtoto anavyoipenda. Kila jioni, ninapojiandaa kwenda kazini zamu ya usiku, yeye huwa nyuma ya nyumba kwenye maegesho ya magari, anairusha, anahesabu kwa sauti, anaipokea. Mwezi wa Desemba ilikuwa ikimwangukia, na mikono yake ilivilia damu kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Siku hizi hata nisipochungulia dirishani nasikia tu mlio wake ikitua mkononi, pa, halafu kimya, halafu pa, na nimeanza kuuzoea.

Kikosi hiki kina mila zake. Nyingine ni nzuri: kila mgeni hupewa dada mkubwa wa kumfundisha na kumsuka nywele siku ya mashindano, na wanaomaliza shule huwaachia wadogo zao bunduki walizotumia, zikiwa na majina ya wote waliotangulia chini ya utepe wa gundi. Lakini ipo mila moja wanayoiita mduara. Usiku mmoja kabla ya mashindano makubwa, wasichana hukaa sakafuni katika chumba chenye giza, walimu hutoka nje, na kila mgeni hueleza jambo lililomuumiza kuliko yote katika maisha yake. Akishaeleza, nahodha humfunga ribini ya rangi ya kikosi mkononi. Asiyeeleza hafungwi. Huapishana kwamba kilichosemwa humo hakitoki nje.

Shangazi, mwaka 1998, tulipokuwa tukikimbia, nilimpoteza mtoto wangu wa kwanza usiku tukivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Alikuwa na miaka miwili. Habari hii siizungumzi. Watoto wangu wanajua kidogo tu, nadhani kwa bibi yao, na jina la yule mtoto halitajwi nyumbani kwetu.

Siku tisa zilizopita nilikwenda kumtazama binti yangu akishindana katika shule ya mji wa jirani. Nikiwa nimesimama koridoni, pamejaa wasichana na harufu ya dawa ya kupulizia nywele, mama wa mmoja wa wenzake alinijia, akanikumbatia huku analia, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anasikitika sana kwa ajili ya mwanangu. Akamtaja kwa jina. Alilitamka vibaya, lakini lilikuwa jina lake. Miaka yote hii sikuwa nimelisikia jina lile kinywani mwa mtu, nami nikalisikia pale, kutoka kwa mwanamke nisiyemjua, mbele ya meza ya kuuzia soda.

Tangu siku hiyo sijazungumza na binti yangu isipokuwa mambo ya chakula na shule. Ile ribini anayo mkononi hata anapolala. Mashindano ya mwisho yatafanyika Dayton baada ya wiki tatu. Mume wangu anasema tumalize msimu kwa kuwa tumekwisha kulipa ada yote. Mimi moyo unaniambia nimtoe kesho. Je, nimtoe? Na nikitaka kuzungumza na kocha, nitaanzaje, wakati Kiingereza changu ni cha kazini tu na mkalimani wangu siku zote ni huyu huyu binti?

Mama wa Watoto Watano, Ohio

JIBU

Mama mwenzangu,

Pole kwa kufiwa na mwanao. Nimeona kwamba mwanzo wa barua umetaja watoto wanne walio hai, na mwisho ukatia saini kwa kuwahesabu watano. Basi nami nitamhesabu yeye katika yote nitakayokuandikia, kwa sababu ndiye aliye katikati ya jambo hili, na wote waliolishughulikia mpaka sasa, kuanzia nahodha wa kikosi hadi yule mama wa koridoni, wamelishughulikia kama kwamba ni la binti yako peke yake.

Nianze na swali lako la kwanza: usimtoe. Nitakueleza kwa nini, lakini nataka ujue tangu sasa kwamba kutomtoa hakuna maana ya kunyamaza.

Nimeishi Ohio miaka mingi, na binti yangu mwenyewe alishika bendera kwa misimu mitatu, kwa hiyo kumbi hizo nazijua, pamoja na harufu ya dawa ya nywele uliyoitaja. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona mchezo huu, aliyekulia Tanzania akumbuke halaiki ya uwanjani, kisha aipunguze mpaka wabaki vijana kumi hadi arobaini, aiweke ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu juu ya turubai kubwa lililochorwa rangi, na awape dakika chache tu za kusimulia jambo zima bila kusema neno. Asili yake ni askari waliolinda bendera, ndiyo maana bunduki na upanga vimebaki. Lakini ile bunduki ni ubao uliochongwa, haina mtutu wala tundu, na kazi yake ni kuzunguka hewani na kushuka mkononi. Chama kinachosimamia mashindano haya, Winter Guard International, kiliundwa mwaka 1977, na fainali zake kubwa hufanyika Dayton mwezi wa Aprili, wakati vikosi vya shule na vya kujitegemea vinapokuja kutoka pande zote za Marekani na hata nchi nyingine. Kwa kikosi cha shule, kufika huko ni jambo ambalo msichana hulikumbuka maisha yake yote.

Sisi wenyewe hatuko mbali na mambo haya. Tangu miaka ya 1890 pwani yetu ilikuwa na ngoma ya beni, ambayo ilianzia Lamu na Mombasa, ikashuka mpaka Tanga na Dar es Salaam, na baadaye ikaingia bara hadi Kongo. Walikuwapo watu wa vikundi vya Marini na Arinoti, wenye sare zao, vyeo vyao, bendi zao na gwaride lao, wakishindana kwa mavazi na kwa mwendo mpaka miji ikagawanyika. Aliyeingia Marini aliingia katika undugu: alichanga, alivalishwa, alisaidiwa kuzika. Kwa hiyo ninaposoma habari ya dada mkubwa anayemsuka mgeni, na bunduki inayorithishwa ikiwa na majina chini ya utepe wake, sioni ugeni wowote. Hizo ni mila halali, zimemfanya binti yako awe na watu katika nchi ambayo hakuzaliwa, na ukimtoa leo utamnyang'anya hizo pamoja na ile mbaya.

Sasa nije kwenye ile mbaya, maana sitaki kuipunguza uzito kwa kuisifia jirani zake.

Watetezi wa mduara nimewasikia. Husema kwamba wasichana waliolia pamoja hucheza vizuri pamoja. Hoja hiyo ina chanzo chake katika namna ya kutoa alama: kati ya alama 100, kuna 20 za utumiaji wa vifaa, 20 za mwendo wa mwili, 20 za ubunifu, na 40 nzima hutolewa kwa jinsi onyesho linavyomgusa mtazamaji. Basi watu hufikiri kwamba ili kumgusa mtazamaji ni lazima kwanza mtoto apasuliwe moyo. Mimi nimekaa kwenye mazoezi ya kutosha kujua kwamba imani kati ya wasichana hawa haitengenezwi gizani. Yupo msichana anayerusha bunduki yake kwenda kwa mwenzake aliye hatua sita mbali, na papo hapo anageuza mgongo kwa sababu ya mwenzake inamjia yeye kutoka upande mwingine. Hana nafasi ya kutazama, anajua tu kwamba itafika, kwa kuwa imefika mara elfu kabla ya hapo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na ilipomgonga mwenzake alimwendea kumuomba radhi na wakarudia. Imani ndiyo hiyo. Binti yako ameilipia kwa mikono iliyovilia damu mwezi wa Desemba. Hakuwa na deni lingine.

Tena tazama ni nani aliyewekwa katika kona na mila hii. Msichana ambaye jambo lake kubwa ni kufa kwa mbwa wao atasema la mbwa, na ribini ataipata. Binti yako walipomgeukia, walimgeukia mtoto wa kambini, mtoto wa Kongo, na macho yao yakasubiri vita. Yeye vita hakuviona. Alizaliwa Nyarugusu miaka mingi baada ya usiku ule. Hakuwa na jeraha lake mwenyewe lenye ukubwa waliokuwa wakiungoja, akachukua la kwako akalitoa. Nilipofundwa mimi, Tanga, somo wangu ndiye aliyekuwa na wajibu wa kunipa: alinifunza, alinikanya, alinitia maneno masikioni, na hata leo hayo ya ndani hayatoki. Mimi mwari sikudaiwa kuleta siri za nyumbani kwetu kuwa kiingilio. Na alikuwapo mtu mzima, anayejulikana kwa jina lake, ambaye mama yangu angeweza kumfuata kesho yake na kumuuliza umemfanya nini mwanangu. Katika mduara ule mtu mzima ametoka nje na kufunga mlango. Kosa kubwa kuliko yote liko hapo, na ni la watu wazima. Si la nahodha wa miaka 17 aliyerithi desturi aliyoikuta.

Kwa hiyo utazungumza na kocha, lakini hutaanza na kocha. Utaanza na binti yako, na utaanza wiki hii, kwa sababu siku tisa za chakula na shule ni nyingi. Niruhusu niseme jambo ambalo huenda likakuchoma. Umeandika kwamba jina la mtoto halitajwi nyumbani. Sikulaumu, wapo wanaoweza kusema na wapo wasioweza, na wewe ulikuwa na watoto wa kulea na kambi ya kuishi. Lakini binti yako amekua akijua kwamba ana kaka ambaye hawezi kumuuliza mtu yeyote habari zake. Alipopata chumba ambamo watu walimwambia sema, tutasikiliza, alisema. Sidhani kwamba alikuuza ili apate ribini. Nadhani mambo mawili yalikwenda pamoja, kushurutishwa na kutamani, na yeye mwenyewe huenda hajui lipi lilikuwa zito zaidi. Haivui ile ribini hata usingizini, wewe ukaona ni ukaidi. Mimi nauliza kama si kitu pekee alichonacho kinachohusiana na kaka yake.

Usimwite sebuleni umkalishe kama mshitakiwa. Msubiri atoke kwenye mazoezi yake kule maegeshoni, au mkiwa jikoni mikono ina kazi, umwambie wewe kwanza kilichotokea koridoni na jinsi kilivyokuumiza, ili ajue kwamba siri ilitoka nje ya mduara. Inawezekana kabisa kwamba hajui, na kwamba naye ametendewa hiana na wenzake. Mwambie umekasirikia waliomtaka aseme. Kisha, kama utaweza, na kwa kiasi utakachoweza tu, mwambie jambo moja la yule mtoto lisilohusu ziwa: alipenda kula nini, alikuwa akimwitaje bibi yake. Si lazima uusimulie usiku ule. Kama hata hilo moja linakushinda, au kama tangu koridoni usingizi umekukataa, mweleze daktari wenu au shirika lililowapokea mlipofika, kwani mashirika hayo huwa yanajua wapi pa kumpata mshauri aliyezoea kuwahudumia waliopitia vita.

Ukishazungumza naye, muulize ruhusa ya kwenda kwa kocha, na mkubaliane ni kipi kitasemwa na kipi hakitasemwa. Hapa usimtumie yeye kuwa mkalimani kwa hali yoyote. Kama shule ni ya umma, una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili, wala si hisani: wajibu wa shule kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza mtu kubaguliwa kwa asili ya taifa lake. Piga simu ofisini, sema maneno mawili, "Swahili interpreter", taja jina la mwanafunzi, na omba miadi na kocha pamoja na mshauri wa wanafunzi. Mshauri awepo. Kocha akiwa peke yake atajitetea. Mbele ya mshauri atasikiliza.

Mbele yao usieleze habari za mwanao. Hawana haja ya kuzijua zaidi ya walizokwisha kuzijua. Sema kwamba wageni wa kikosi hufungiwa chumbani bila mtu mzima na kutakiwa waeleze machungu yao ndipo wapokewe. Kwamba kilichosemwa kimetoka nje mpaka kwa wazazi. Na kwamba unataka mambo matatu kabla ya Dayton: ribini ifungwe kwa kila mgeni bila sharti, mwalimu akae ndani wakati wote wasichana wanapokutana, na wasichana waambiwe wazi kwamba habari ya familia yenu isirudiwe tena na mtu yeyote. Ohio ina sheria inayokataza kuwadhalilisha wageni wanaoingizwa katika vikundi, jambo ambalo kwa Kiingereza huitwa "hazing". Sheria hiyo ilikazwa mwaka 2021 baada ya kifo cha mwanafunzi wa chuo kikuu na huitwa kwa jina lake, Sheria ya Collin; nayo hutaja madhara ya akili pamoja na ya mwili. Sisemi kwamba mduara huu ni jinai, wala sikushauri uingie pale na vitisho. Nakutajia sheria hiyo ili ujue kwamba shule ikisikia neno hilo hailichukulii kuwa ni malalamiko ya mgeni asiyeelewa utamaduni wa hapa. Unaelewa vizuri. Wao ndio waliopitiwa.

Wakikataa yote matatu, hapo ndipo nitakapokuambia mtoe, hata kama ni siku mbili kabla ya fainali, na ada iende. Wakikubali, mwache acheze. Kila msichana ana mahali pake juu ya lile turubai, na akiondolewa sasa, wenzake waliobaki watalazimika kupanga upya njia zao na marusho yao. Lakini zaidi ya hilo, yeye atajifunza kwamba alipofungua kinywa kuhusu kaka yake alipoteza kila kitu, na hatafungua tena, hata kwako.

Yule mama aliyekukumbatia alikosea, na bila shaka aliyataka mema. Huna wajibu wa kumfariji. Mkikutana tena na akakuanza, inatosha kumwambia kwamba jambo hilo ni la familia.

Mkifika Dayton, ingia mapema na utafute kiti upande wa mbele, katikati, safu za juu kidogo, kwa kuwa maonyesho haya hupangwa kutazama upande mmoja na aliyekaa nyuma huona migongo. Muulize binti yako kabla ya siku hiyo ni wakati gani katika muziki atakapoirusha ile bunduki juu kuliko zote, na ataipokea akiwa pembe ipi ya turubai, ili macho yako yawe pale. Ukumbi ule ni mkubwa na una kelele nyingi, lakini watu hunyamaza bunduki zikiwa juu, na ule mlio uliouzoea utausikia.

Shangazi